Saa Mbili za Nyatiti na Roki: Barua ya Wazi kwa Redio Jamii za Kenya na Tanzania

Kwa wajumbe wa kamati za uendeshaji, mameneja wa vipindi na watangazaji wa kujitolea,

Barua hii ina ombi moja: kila redio jamii itenge saa mbili za wiki, zisizohamishwa wala kukatizwa, kwa ajili ya kipindi cha muziki mchanganyiko ambacho nyimbo zake zinachaguliwa kwa mkono na mtu wa eneo hilo hilo anayezijua, na ambamo muziki wa mizizi na muziki wa roki unapigwa bega kwa bega bila kutenganishwa na ukuta wa umri, lugha au kabila. Ombi hilo laweza kuonekana dogo mno mbele ya redio zinazohangaika kulipia umeme, matengenezo ya mnara na ada ya leseni, lakini linagusa sababu yenyewe ya redio hizo kuwepo, na ndiyo maana linaletwa hadharani badala ya kunong'onwa katika ofisi ya meneja mmoja.

Redio jamii, kwa maana inayotumiwa na sheria na pia na watu wa taaluma ya utangazaji, ni kituo kisichoendeshwa kwa ajili ya faida, kinachomilikiwa na kusimamiwa na jamii inayokisikiliza, na ambacho mapato yake, yakipatikana, hurudi katika kazi ya kituo badala ya kugawiwa wenye hisa. Ndivyo ilivyo Orkonerei FM ya Terrat, wilayani Simanjiro, iliyoanza kuwatangazia wafugaji wa Kimaasai mwaka 2002. Ndivyo ilivyo Radio Mang'elete ya Makueni, iliyozaliwa na vikundi vya wanawake. Na ndivyo ilivyo Koch FM ya Korogocho, jijini Nairobi, ambayo vijana wake walianza kutangaza mwaka 2006 wakiwa ndani ya kontena la chuma lililogeuzwa studio. Msemo "muziki wa mizizi" unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu Kiswahili tayari kina msemo "muziki wa asili", ambao kwa kawaida humpeleka msikilizaji kwenye ngoma, zeze, marimba na nyimbo za jadi za watu wa mahali fulani. Muziki wa mizizi, kwa maana ya barua hii, ni huo muziki wa asili pamoja na mitindo yote iliyochipuka karibu nao na ambayo bado inaonyesha ilikochipukia: benga, taarabu ya zamani, gitaa kavu la Kongo, bluzi ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, na kantri, yaani nyimbo za wakulima, wachunga ng'ombe na vibarua wa reli wa huko huko. Roki, nayo, ni muziki wa magitaa ya umeme, besi na dramu uliopata umbo lake Marekani katika miaka ya 1950, na ambao, kama itakavyoonekana, ni mtoto wa mizizi hiyo hiyo.

Ushahidi kwamba mitindo hiyo haiwezi kugawanywa kwa mipaka ya nchi umo katika rekodi iliyofanywa Kenya kwenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezaliwa Uingereza na kuishi kusini mwa Afrika, alifika katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mashine ya kunasa sauti, na huko Kapkatet akarekodi nyimbo kadhaa zilizokuwa na jina moja lisilokuwa la kawaida: Chemirocha. Jina hilo si jingine ila Jimmie Rodgers, lililopita katika vinywa vya Wakipsigis likatoka limevaa sura ya Kikalenjini. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji mzungu kutoka Mississippi, mfanyakazi wa reli aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye alisifika kwa namna yake ya kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa ya koo na kuirudisha tena chini. Na santuri zake, zilizochezwa kwa gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, zilikuwa zimekwisha kufika katika vilima vya magharibi mwa Kenya. Walioimba mbele ya Tracey hawakumwiga Rodgers. Walichukua kinubi chao, wakamweka mgeni huyo ndani ya wimbo wao, wakamwimba kwa mizani yao na lugha yao, na katika rekodi mashuhuri kuliko zote, ambayo wasichana wanaitikia juu ya nyuzi za kinubi, hakuna hata sauti moja ambayo mtu angeweza kusema imeazimwa. Kilichobaki cha Marekani ni jina tu, na heshima ambayo msikilizaji humpa mwanamuziki aliyemgusa.

Rekodi hizo ziliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Zikasikilizwa na wasomi na wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani, na ni katika muongo wa 2010 tu ndipo zilipochukuliwa na kurudishwa kwa watu wa Kapkatet na jirani zake, zaidi ya nusu karne tangu ziliponaswa. Jambo hili linafaa kutafakariwa na kila kamati ya redio jamii. Wimbo ulioimbwa na wasichana wa kijiji ulisikika London kabla ya kusikika katika redio ya kijiji kile, kwa sababu rahisi kwamba kijiji hakikuwa na redio. Leo vijiji vingi vinazo, na sababu hiyo haipo tena.

Rodgers mwenyewe hakuwa mtu wa ukoo mmoja wa muziki. Nyimbo zake nyingi zimejengwa juu ya bluzi, aliyoipokea kwa wafanyakazi weusi wa reli, na mwaka 1930 alirekodi wimbo mmoja akisindikizwa kwa tarumbeta na Louis Armstrong, mwanamuziki mweusi wa jazi kutoka New Orleans, katika nchi ambayo wakati huo sheria za majimbo ya kusini ziliwakataza watu wa rangi hizo mbili kuketi pamoja katika behewa moja. Miaka 25 baadaye Chuck Berry, kijana mweusi wa St. Louis, aliuchukua wimbo wa kale wa kantri uliokuwa ukipigwa kwa fidla, akaubadilisha maneno na kuutia gitaa la umeme, ukawa "Maybellene", mmojawapo wa nyimbo za kwanza kabisa za roki. Hata banjo, ala ambayo wengi huidhani kuwa ya wazungu wa milimani, ilitokana na ala za nyuzi na ngozi zilizopelekwa katika kumbukumbu na mikono ya Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo mtangazaji anayepiga kantri, kisha bluzi, kisha roki, kisha zeze la Wagogo, hachanganyi vitu visivyochanganyika. Anawakutanisha ndugu waliotawanywa.

Undugu huo unasikika hata katika jambo ambalo masikio yasiyozoea hulichukulia kuwa kasoro, nalo ni mkwaruzo wa sauti. Ilimba ya Wagogo, ambayo ni kisanduku chenye vichane vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, huwa na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutetemeka kila kichane kinapobonyezwa, ukaipa sauti uvumi mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Fundi hauweki utando huo kwa bahati mbaya. Bila uvumi huo, ilimba huhesabiwa kuwa haijakamilika. Mwaka 1951, mjini Memphis, bendi ya Ike Turner iliingia studio kurekodi "Rocket 88" ikiwa na amplifaya, yaani kikuza sauti cha gitaa, iliyoharibika njiani. Mwenye studio, Sam Phillips, badala ya kuahirisha kazi aliijaza spika iliyochanika makaratasi, na gitaa likatoka na mkwaruzo mzito ambao wapigaji wa roki wameutafuta kwa makusudi tangu siku hiyo hadi leo, wakitengeneza hata visanduku vya kukanyagwa kwa mguu kwa kazi hiyo tu. Kati ya utando wa buibui wa Dodoma na karatasi za Memphis hakuna aliyemfundisha mwenzake, ila pande zote mbili sikio limeipenda sauti yenye chembechembe kuliko sauti iliyosafishwa mno. Msikilizaji akipigiwa ilimba na gitaa hilo kwa mfuatano, akaelezwa kwa sentensi mbili tu kuhusu utando na karatasi, atayasikia yote mawili upya, na elimu hiyo hakuna kitabu cha shule kinachompa.

Huko Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kuna sababu nyingine ya kuliona suala hili kwa uzito. Mwaka 1982 kilianzishwa hapo, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo cha redio kinachotajwa katika historia kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya redio jamii barani Afrika, kikitumia mitambo ya gharama ndogo iliyoweza kutengenezwa na mafundi wa kawaida. Serikali ikakifunga baada ya miaka michache. Kituo hicho kilisimama katikati ya nchi ya benga. Na benga, kwa wasioijua kwa karibu, ni muziki wa magitaa ya umeme ambamo gitaa la solo huongea kama nyatiti. Mpigaji wa nyatiti huketi juu ya kigoda, ameilaza ala yake ya nyuzi nane ubavuni, vidole vikidonoa nyuzi, huku kidole gumba cha mguu kikiwa na pete nzito ya chuma inayogonga ubao wa ala, na njuga zilizofungwa mguuni zikijaza nafasi baina ya pigo na pigo. Mtu mmoja, kwa hiyo, ni sauti, nyuzi, ngoma na kayamba. Vijana Waluo waliposhika magitaa waliigawa kazi hiyo ya mtu mmoja kwa watu wanne: nyuzi zikaenda kwa solo, pete ya mguuni ikaenda kwa besi, njuga zikaenda kwa dramu, na maneno yakabaki kwa mwimbaji. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga na kuiongoza Shirati Jazz hadi kifo chake mwaka 2006, alizaliwa upande wa Tanzania wa mpaka na kujipatia jina upande wa Kenya, kwa hiyo nchi zote mbili zinaweza kumdai, na redio jamii za nchi zote mbili zina wajibu naye.

Hapo ndipo kazi ya mtangazaji anayechagua kwa mkono inapoonekana. Anaweza kuanza na Ayub Ogada, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band jijini Nairobi kabla ya kurekodi nyatiti yake katika albamu ya "En Mana Kuoyo" ya mwaka 1993. Amwache aimbe hadi mwisho bila kuongea juu ya sauti yake. Kisha aingize Misiani, ili msikilizaji asikie vidole vile vile vikiwa vimehamia kwenye umeme. Kisha Extra Golden, bendi ya Wamarekani na Wakenya iliyoanza kutoa albamu mwaka 2006 ikiunganisha benga na roki kwa namna ambayo mtu hawezi kuonyesha mshono uko wapi. Nyimbo tatu, dakika zisizozidi 25, na historia ya miaka mia imepita hewani bila mhadhara. Kompyuta iliyopangiwa orodha ya nyimbo zinazovuma haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu inapanga kwa kuhesabu waliousikiliza wimbo, na haijui pete ya mguuni ilikwenda kwa nani.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na roki yake, ingawa vijana wengi wanaosikiliza redio leo hawajawahi kuambiwa. Katika miaka ya 1970 bendi ya Sunburst, iliyowakusanya wanamuziki wa Tanzania na Zaire, ilipiga muziki uliochanganya ngoma, magitaa ya roki na nyimbo za Kiswahili, ukiwamo "Enzi za Utumwani". Albamu yake "Ave Africa" ilitolewa Zambia mwaka 1976, na ilibidi ingoje hadi mwaka 2016 kuchapishwa upya, tena Ulaya. Miaka michache kabla ya bendi hiyo kushika kasi, mnamo Novemba 1969, mamlaka za Dar es Salaam zilikuwa zimepiga marufuku muziki wa Kimarekani ulioitwa soul katika kumbi za jiji, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na utamaduni wao. Hofu iliyozaa amri hiyo haikuwa ya kipuuzi katika nchi iliyotoka kwenye ukoloni miaka minane tu nyuma, ila dawa yake ilikosea mgonjwa, kwa kuwa kijana aliyeijua ngoma ya kwao hakuhitaji kulindwa dhidi ya gitaa. Alihitaji redio inayompa vyote viwili.

Historia ya amri za kupangia redio muziki ina mafunzo yanayopingana, na si haki kuficha upande mmoja. Nchini Zambia, agizo la Rais Kenneth Kaunda katika miaka ya 1970, linalotajwa kuwa lilitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, lilikutana na bendi zilizokuwa tayari, kama WITCH, na likasaidia kukuza roki ya Kizambia inayojulikana leo kama Zamrock. Kenya, mwaka 1980, redio ya taifa ilipoagizwa kuupa muziki wa nyumbani asilimia 75 ya muda wake, agizo hilo lilidumu siku chache tu kabla ya kuondolewa kwa malalamiko. Tofauti haikuwa katika ukali wa agizo bali katika kuwepo au kutokuwepo kwa watu, ndani ya studio na nje yake, wenye hamu na ujuzi wa kuijaza nafasi iliyofunguliwa. Kwa sababu hiyo barua hii haiombi agizo wala asilimia kutoka kwa mamlaka za mawasiliano. Inawaomba wenye redio wenyewe waifungue nafasi, kisha wamtafute mtu.

Hali ya sasa katika vituo vingi inajulikana kwa kila mwenye kusikiliza. Muziki wa zamani umefungiwa katika saa ya "zilipendwa", kana kwamba ulipendwa na sasa umekwisha. Ngoma za asili zimefungiwa katika sherehe za taifa na ziara za viongozi. Roki haipo kabisa, au ipo kama mlio wa kufungulia taarifa ya michezo. Na saa zilizobaki hujazwa na nyimbo zile zile zinazopigwa na redio za biashara za Nairobi na Dar es Salaam, zilizoletwa studio katika flashi ya mtangazaji wa zamu. Hakuna wa kulaumiwa kwa ukali hapa. Mtangazaji anayejitolea, ambaye nauli yake mwenyewe humshinda, hupiga alicho nacho. Hata hivyo redio jamii inayopiga kile tu kinachopigwa na redio ya biashara, ikiwa na mnara mfupi na mitambo dhaifu kuliko ya mwenzake, imeingia katika mashindano ambayo haiwezi kushinda na ambayo haikuundwa kuyaingia. Chenye thamani ni kile ambacho redio ya biashara haiwezi kukifanya kwa kuwa mtangazaji wa bidhaa hatakilipia: kumpigia msikilizaji wimbo ambao hajui kwamba anautaka.

Mfano wa redio iliyolielewa jambo hili uko New Orleans. Kituo cha WWOZ kilianza mwaka 1980 kikiwa cha watu wa kujitolea, na katika siku zake za awali studio ilikuwa juu ya ukumbi wa muziki wa Tipitina's, kiasi kwamba inasimuliwa kuwa watangazaji walipitisha kipaza sauti kwenye tundu la sakafu na kukiteremsha ukumbini ili bendi iliyokuwa ikipiga chini isikike hewani wakati ule ule. Jazi, bluzi, nyimbo za makanisa ya watu weusi, muziki wa Wakreoli wa mabwawani na roki ya mji huo viliishi ndani ya ratiba moja, kila kipindi kikiwa mikononi mwa mtu anayekipenda. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipoufurikisha mji na kuwatawanya wakazi wake, kituo hicho kilirudi kusikika kwa njia ya intaneti kwa msaada wa redio nyingine ya kujitolea, WFMU ya New Jersey, na waliokimbia makwao wakausikia mji wao wakiwa ugenini. Afrika nayo ina mfano wake, wenye unyenyekevu zaidi: Ali Farka Touré, mpigaji gitaa wa Mali ambaye dunia ilikuja kumjua kwa kuonyesha jinsi bluzi inavyokaribiana na muziki wa ukingo wa mto Niger, alifanya kazi kwa miaka kadhaa kama fundi mitambo wa redio ya taifa mjini Bamako. Studio ya redio ndiyo iliyokuwa shule yake.

Kuhusu namna ya kufanya, mambo machache yanatosha, na la kwanza ni mtu. Katika kila tarafa yupo mwalimu mstaafu mwenye sanduku la kaseti, fundi redio ambaye dukani kwake kumesikika magitaa ya miaka 40, msichana wa sekondari anayejua bendi za roki za Nairobi kuliko anavyojua za jirani, au mzee anayelia kwa furaha akisikia gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco, Mkatanga aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Tracey mwaka 1952. Watu hao wawili wawili, mmoja mkubwa na mmoja kijana, wakiwekwa mbele ya kipaza sauti kimoja, kipindi kimekwisha kupata nusu ya uhai wake, kwa sababu kila mmoja atalazimika kumweleza mwenzake kwa nini ameuleta wimbo huo. Wasihitajike kuwa na sauti ya kitangazaji. Wahitajike kujua.

La pili ni majina. Desturi ya kupiga wimbo bila kumtaja aliyeimba, aliyepiga gitaa, mahali na mwaka, imewafanya mamia ya wanamuziki wa nchi hizi mbili kuwa watu wasio na kaburi. Kituo kiwe na daftari, daftari la kawaida la shule, ambamo kila wimbo unaopigwa katika saa hizo mbili unaandikwa kwa majina kamili kadiri yanavyojulikana, na msikilizaji akipiga simu kusahihisha, sahihisho liandikwe na kutangazwa wiki inayofuata. Wenye desturi ya kadi za salamu watalielewa hili upesi kuliko wote: nchi ambayo kwa miongo mingi imesoma hewani majina ya shangazi, mashemeji na majirani, kijiji kwa kijiji, haishindwi kutaja jina la mpiga besi.

La tatu, na hapa busara inahitajika kuliko mitambo, ni kurekodi wanamuziki wa karibu. Simu nzuri, chumba chenye mapazia mazito na subira vinatosha kumnasa mpiga zeze au kikundi cha ngoma kwa ubora unaofaa kurushwa hewani. Lakini si kila wimbo ni wa hewani. Nyimbo za unyago na za jando zina wenyewe, na mafunzo yake yamewekewa mlango kwa makusudi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliimba jukwaani mbele ya dunia nzima, ila kazi yake kama kungwi, yaani mfunzi wa wari, ilikuwa na sehemu zake ambazo si za kila sikio. Kamati ziulize wazee na makungwi kabla ya kurekodi, ziandike ruhusa, na ziheshimu neno "hapana". Kenya sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inaitaka ridhaa ya jamii yenyewe. Tanzania Bara sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, nayo inawatambua watumbuizaji na sanaa za jadi. Msanii aliyerekodiwa apewe nakala yake siku hiyo hiyo, hata kama ni katika simu ya mjukuu wake, ili yasijirudie yale ya Kapkatet.

Pingamizi moja linastahili jibu la moja kwa moja, kwa kuwa hutolewa na watu wema: kwamba roki ni muziki wa kigeni, na hata wa kishetani, usiofaa katika redio ya wananchi. Muziki unaotokana na bluzi ya wajukuu wa watumwa wa Kiafrika hauwezi kuitwa mgeni kwa wepesi huo, na mmojawapo wa waimbaji wa roki waliojulikana zaidi duniani, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946. Yapo maneno katika baadhi ya nyimbo hizo yasiyofaa kupigwa mchana mbele ya watoto, kama yalivyo katika nyimbo za mitindo yote, na mtangazaji mwenye akili atayaacha. Pingamizi la pili, kwamba wasikilizaji watahamia kituo kingine, linaweza kuwa kweli kwa wiki za mwanzo. Kwa sababu hiyo saa hizo mbili zinaombwa zisihamishwe kwa muda wa mwaka mzima: sikio linahitaji kujua siku na saa kabla ya kujenga mazoea, na kipindi kinachosogezwa kila mwezi kupisha mdhamini hakijapata kujaribiwa.

Ikiwa kamati zitakubali, kipindi cha kwanza chaweza kuanza na Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo, katika albamu ya "Assembly" ya mwaka 2002 aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, ambamo ilimba na gitaa la umeme vinazungumza bila mkalimani. Baada yake aje Chuck Berry, kisha Shirati Jazz, kisha wasichana wa Kapkatet na Chemirocha yao, na mara tu baada yao Jimmie Rodgers mwenyewe, ili kwa mara ya kwanza wapokeane zamu katika redio ya kijiji. Dakika kumi za mwisho ziachwe kwa mpigaji wa eneo hilo, aliyerekodiwa wiki ile ile, na jina lake litajwe kabla ya wimbo na baada yake, pamoja na jina la kijiji chake na la aliyemfundisha.